Moshi Usionuka: Mwongozo Kamili wa Kutambua Moshi wa Mioto ya Mbali Ukiwa Nyumbani

Agosti moja niligombana na jirani kwa kosa ambalo hakulifanya. Macho yalikuwa yananiwasha tangu alfajiri, mtoto alikohoa usiku kucha, na mashuka niliyoyaacha kwenye kamba yalikuwa na vidoa vyeusi vidogo kama mbegu za mchicha. Nikaenda moja kwa moja kwa bibi wa nyumba ya pili, ambaye mtaa mzima unamjua kwa kuchoma taka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Uso huo vipi, kuna msiba?"

"Hapana bibi. Ni huu moshi. Watoto hawalali."

Hakunijibu. Alinishika mkono akanipeleka uani, kwenye shimo lake la taka. Majivu yalikuwa baridi, na kuku alikuwa amejilaza juu yake anajioga. Kisha akanyoosha kidole kuelekea ziwani.

"Kongo iko wapi?"

Milima ya Kongo, ile tunayoiona kutoka Kigoma ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, haikuwapo. Wala hapakuwa na wingu lililoifunika. Mahali pake palikuwa na ukuta wa rangi ya chai ya maziwa, umeanzia majini ukapanda mpaka karibu na jua. Bibi alikuwa ameona tangu juzi yake. Mimi nilikuwa nanusa tu.

Pua ni hodari kwa moshi wa karibu. Moshi uliosafiri kilomita 200 au 300 umeshapoteza sehemu kubwa ya harufu njiani: gesi zinazonuka zimechanganyika na hewa na kubadilishwa na jua, lakini chembe ndogo bado zipo. Ndiyo maana watu huuita ukungu, huuita vumbi, au husema "ni kipupwe tu" na kuendelea na shughuli. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Hawakusema moto huo uko wilaya gani. Yafuatayo ndiyo ninayoyafanya kila kiangazi tangu siku ile, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Kwanza ujue msimu wako

Takribani theluthi mbili ya ardhi inayoungua duniani kila mwaka iko Afrika, na sehemu kubwa ni nyasi na miombo. Kwa sisi tulio kusini mwa Ikweta, kuanzia Tabora, Katavi na Rukwa hadi Zambia, Angola na Katanga, mioto huanza Mei au Juni nyasi zikikauka, hupamba moto Agosti na Septemba, kisha huzimwa na mvua za mwanzo. Kaskazini mwa Ikweta ni kinyume. Sudan Kusini, kaskazini mwa Kongo na kaskazini mwa Uganda huungua zaidi kuanzia Novemba hadi Februari. Kwa hiyo mtu wa Lubumbashi na mtu wa Gulu hawana msimu mmoja wa moshi.

Walio katikati hupata misimu yote miwili. Rwanda ina kituo cha kupima hewa juu ya mlima Mugogo, mita 2,590 kutoka usawa wa bahari, mbali na magari ya mjini. Vipimo vyake vilionyesha masizi na chembe zikipanda mara mbili kwa mwaka, Juni hadi Agosti na tena Desemba hadi Februari, kwa moshi unaotoka nje ya mipaka ya nchi hiyo. Ukiwa Kigali, Bujumbura au Bukavu, weka alama kwenye kalenda mara mbili.

Anayewasha ni nani? Mkulima anayesafisha shamba, mfugaji anayetaka nyasi changa ziote, mrina asali aliyeacha kijinga kikifuka, mwindaji, mchoma mkaa. Hata hifadhi huchoma mapema kwa makusudi, wakati nyasi bado zina unyevu, ili moto mkubwa wa Septemba usikute cha kula. Ule usio na mwenyewe ndio Tanzania tunauita moto kichaa. Mapafu, hata hivyo, hayaulizi moto ulikuwa na kibali au hauna.

Hatua ya 1: Chagua alama zako za umbali siku hewa ikiwa safi

Fanya hili sasa, kabla ya msimu. Simama sehemu moja, mlangoni au kwenye ngazi, kisha chagua vitu vinne au vitano unavyoviona vizuri: mti mkubwa, mnara wa simu, mnara wa msikiti, kilima, mlima wa mbali kabisa. Fungua ramani ya Google, bonyeza na kushikilia mahali ulipo, chagua kupima umbali, na uandike kila kitu kiko kilomita ngapi. Mimi nimeyaandika kwa kalamu ya wino nyuma ya mlango. Mke wangu hakupenda, lakini amezoea.

Huko New Mexico, Marekani, idara ya afya huwafundisha watu kanuni ya maili 5, 3 na 1, ambayo kwetu ni takribani kilomita 8, 5 na kilomita moja na nusu. Ukishindwa kuona kitu kilichoko kilomita 8, wenye pumu, wagonjwa wa moyo, wazee, wajawazito na watoto wapunguze shughuli za nje. Ukishindwa kuona cha kilomita 5, hao wakae ndani na wengine wapunguze kazi ngumu. Ukishindwa kuona cha kilomita moja na nusu, kila mtu aingie ndani. Kanuni hii ilitungwa kwa nchi yenye hewa kavu. Kando ya ziwa au bahari, usiipime alfajiri wakati kuna unyevu; subiri saa nne asubuhi.

Milima ya mbali sana, kama hii yetu ya Kongo iliyo kilomita 50 hivi, haikuambii kwamba hali ni mbaya. Hupotea mapema mno, hata kwa moshi kidogo. Kazi yake ni kukushtua, kama jogoo.

Hatua ya 2: Tenganisha moshi, ukungu na vumbi

Hapa ndipo wengi hukosea, nami nitakaa hapa kidogo.

Ukungu ni maji. Unalainisha nywele, unaacha umande kwenye mabati, unaleta ubaridi usoni, na kwa kawaida jua la saa tatu au saa nne huumaliza. Jua likionekana ndani yake huwa jeupe kama sahani. Vumbi lina upepo wake: linakuja na kishindo, linatua, na ukisugua jani la mgomba kwa kidole unahisi punje. Moshi wa mbali hauna haraka. Upo asubuhi, upo mchana, upo jioni, na jua ndani yake hugeuka rangi ya chungwa lingali juu, saa nzima au zaidi kabla ya kuzama. Hata hivyo usilikodolee macho; tazama mwanga wake ukutani, utauona umekuwa wa manjano kama wa taa ya chemli.

Angalia pia rangi ya utusitusi wenyewe. Ukiwa na kilima cheusi nyuma yake, moshi huonekana wa bluu. Ukiutazama kuelekea mwanga, moshi huo huo unakuwa wa kahawia. Chembe zake ni ndogo kiasi cha kutawanya mwanga wa bluu kuliko mwekundu. Ukungu, wenye matone makubwa, hubaki mweupe au wa kijivu popote utakapousimamia.

Usiku kuna jaribio la tochi. Zima taa za nje, zungusha tochi gizani, utazame mwale. Hewa safi haionyeshi mwale; unaona tu kinachomulikwa. Hewa yenye moshi inaufanya mwale uonekane kama fimbo. Ukikaribia ukaona matone yanaelea na mkono unalowa, basi ni ukungu. Mkono ukibaki mkavu, endelea na hatua zinazofuata.

Vidoa kwenye nguo navyo vina maana, ila wengi huvisoma vibaya. Vipande vya majani yaliyoungua, vile virefu vyeusi vinavyovunjika ukivigusa, huruka kutoka moto ulio karibu kiasi, kilomita chache au makumi machache. Kama vinaanguka uani kwako, panda mahali pa juu uangalie. Ukiona moto unaelekea kwenye makazi, Tanzania piga 114, Zimamoto. Moshi wa mbali sana hauangushi vipande. Unaacha weusi mwembamba ambao huujui mpaka ufute meza kwa kitambaa cheupe chenye maji.

Ishara ya mwisho niliifahamu kwa bahati tu. Taa yangu ya sola, ambayo kwa kawaida hufika alfajiri, ilianza kuzimika saa sita usiku wiki ile ya Agosti. Nilidhani betri imekufa. Moshi ulikuwa unakula mwanga wa jua mchana, na paneli ilikuwa na utando wa masizi. Niliipangusa, na moshi ulipopungua taa ikarudi kama zamani.

Hatua ya 3: Ondoa washukiwa wa karibu

Kabla ya kulaumu Katavi, zunguka nyumba. Kiangazi ndicho kipindi cha kuchoma matofali, na tanuri moja linaweza kufukuta siku kadhaa usiku na mchana. Kuna mkaa, kuna taka, kuna jiko lako mwenyewe.

Kanuni ninayoitumia ni ya saa. Moshi wa mtaani hulala chini usiku na asubuhi, kwa sababu hewa ya baridi iliyo karibu na ardhi inaufunika kama kawa. Jua likipasha, hewa inachanganyika na moshi unapanda. Saa sita mchana umekwisha. Moshi wa mbali hufanya tofauti. Mara nyingi unasafiri juu, na mchana hewa inapochanganyika ndipo unaposhushwa mpaka puani. Ukiona utusitusi unazidi saa saba mchana, bila harufu ya jiko la mtu, shuku mbali.

Jaribio jingine ni la miguu. Tembea kilomita moja upande wowote. Ukitoka kwenye moshi, ulikuwa wa jirani. Ukienda hadi stendi na kurudi na anga ni lile lile pande zote, jirani yako hana kosa. Laiti ningelifanya hili kabla ya kwenda kwa bibi.

Hatua ya 4: Tafuta moto uko wapi

Hii inahitaji simu na bando kidogo. Andika FIRMS NASA kwenye Google. Ni ramani ya bure inayoonyesha mahali setilaiti zilipoona joto kali juu ya ardhi. Chagua saa 24 zilizopita, sogeza ramani hadi eneo lako, subiri. Mwezi Agosti usishtuke: kusini mwa Tanganyika huonekana kama mtu aliyepata surua.

Mambo manne ya kujua unapoisoma. Nukta moja ni mraba wa mita 375 au kilomita nzima kutegemea chombo, kwa hiyo haikuambii ukubwa wa moto. Setilaiti hupita kwa nyakati maalumu, zile zenye chombo kiitwacho VIIRS zikipita mnamo saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Moto uliowashwa saa kumi jioni ukazimika saa nne usiku unaweza usionekane kabisa. Mawingu huficha. Na si kila joto ni moto wa pori. Tazama karibu na Goma utaona nukta zilizong'ang'ania sehemu moja mwaka mzima: ni Nyiragongo na Nyamulagira, volkano zenye lava.

Sasa upepo. Kiangazi upepo mkuu kwetu hutoka kusini-mashariki. Mpanda, mji wa mkoa wa Katavi, iko kusini-mashariki mwa Kigoma, takribani kilomita 230 kwa mstari ulionyooka. Upepo wa kilomita 20 kwa saa unazimaliza kwa muda wa saa 11 na nusu hivi. Moto uliowaka huko alasiri, ndio huo ninaoamka nao asubuhi. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa mji wako: chukua kasi ya upepo, zidisha kwa saa 12, rudi nyuma umbali huo kuelekea upepo unakotoka, uone kama kuna nukta.

Tahadhari kwa wanaokaa pwani au ziwani. Upepo unaousikia usoni alasiri ni wa ziwani, unavuma kutoka majini kwenda nchi kavu, na ni mfupi. Moshi uko juu, unafuata upepo wake. Mwaka wa kwanza nilishikilia kwamba moshi unatoka Kongo kwa sababu bendera ya shule ilipepea kutoka huko. Nilikuwa nimedanganywa na bendera.

Ukitaka kuuona moshi wenyewe, fungua NASA Worldview, picha za setilaiti za siku hiyo hiyo. Wingu ni jeupe na lina ukingo. Moshi ni wa kijivu uliochafuka, umeburuzwa kama maziwa ndani ya chai kabla hujakoroga. Programu ya Windy nayo ina ramani ya PM2.5, yaani chembe ndogo zilizo hewani, lakini ile ni hesabu ya kompyuta. Inafaa kujua moshi unaelekea wapi kesho. Haifai kujua una kiasi gani sebuleni.

Hatua ya 5: Pata namba, kama inapatikana

PM2.5 ni chembe zenye upana wa maikroni 2.5 au chini ya hapo. Unywele wa kichwani una upana wa mara 20 hadi 30 zaidi. Chembe hizo hupita pua na koo, huingia ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huvuka hadi kwenye damu. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021, lilishauri wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo.

Kampala wana bahati. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umetawanya vipima hewa mjini na miji mingine ya Afrika, na programu yake ni ya bure. Tafuta kituo kilicho karibu nawe na usome PM2.5 yenyewe. Kwa kipimo cha Marekani kilichorekebishwa 2024, hadi mikrogramu 9 ni hewa nzuri, kuanzia 35.5 wenye pumu na moyo wajihadhari, kuanzia 55.5 ni mbaya kwa kila mtu, 125.5 ni mbaya sana, kuanzia 225.5 ni hatari.

Kigoma sina kituo jirani. Alama zangu nyuma ya mlango ndizo kipima hewa changu. Ukinunua kile kidogo cha mezani chenye mwanga wa leza, kumbuka huzidisha hesabu hewa ikiwa na unyevu mwingi, na ukikiweka karibu na jiko kitapima ugali.

Hatua ya 6: Tengeneza chumba kimoja

Nyumba zetu zilijengwa zipitishe hewa: madirisha ya luva, nafasi kati ya ukuta na bati, mlango wazi kutwa. Huwezi kuifunga yote, usijichoshe. Chagua chumba kimoja chenye dari na madirisha machache, kiwe cha kulala watoto, wazee na mwenye pumu. Ziba nafasi kubwa kwa kitenge kilichokunjwa, funga luva, weka kanga chini ya mlango. Kitambaa chenye maji dirishani hunasa vumbi na majivu; chembe ndogo hupita, kwa hiyo usikitegemee peke yake. Pale alama zako za kilomita 8 zinapoonekana tena, iwe alfajiri au baada ya upepo kugeuka, fungua kila kitu hewa ibadilike. Chumba kilichofungwa siku tatu kinaweza kuwa na hewa mbaya kuliko nje, na joto nalo huua.

Neno moja kwa herufi kubwa kichwani mwako: USIINGIZE JIKO LA MKAA kwenye chumba ulichokiziba. Moshi wa mbali huja na chembe. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Ni afadhali ulale na dirisha wazi kwenye moshi.

Kisha punguza moshi wako mwenyewe, kwa kuwa huo ndio unaoutawala. Washia mkaa nje, mbali na dirisha, uingize jikoni ukishashika. Moshi mwingi hutoka wakati wa kuwasha. Kama una gesi, hizi ndizo siku zake. Udi na ubani vipumzike. Dawa ya mbu ya kuchoma iondoke chumbani, tumia neti. Usifagie kavu, piga deki. Taka zisubiri.

Vifaa vya kusafisha hewa vyenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa chembe ndogo sana, vinafanya kazi kweli ukivipata, mradi umeme upo na mlango umefungwa. Kufunga kitambaa kizito kwenye feni usijaribu. Hakichuji cha maana na mota inaweza kuungua.

Hatua ya 7: Barakoa, maziwa na mengine

Barakoa ya kitambaa haizuii chembe za moshi. Ile ya bluu ya hospitali inavujisha pembeni. Tafuta barakoa za kuchuja chembe, zilizoandikwa N95, KN95 au FFP2, nyingine utazikuta maduka ya vifaa vya ujenzi. Bana waya wa puani, vuta pumzi kwa nguvu: barakoa inapaswa kunywea kidogo kuelekea mdomoni. Ukihisi upepo machoni, inavuja. Ndevu huivujisha pia. Watoto wadogo haziwakai, hao waache ndani.

Leso iliyoloweshwa maji haisaidii. Na maziwa? Kila fundi wa kuchomelea vyuma atakuambia maziwa yanasafisha kifua. Maziwa huenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu. Ni njia mbili tofauti. Kunywa ukipenda, ni chakula kizuri. Maji ya kutosha yanasaidia koo lililokauka.

Mwenye pumu aweke pampu yake mfukoni, si kabatini, na ahakikishe haijaisha kabla ya Agosti. Kama ana dawa ya kila siku ya kuzuia, asiiache kwa kuwa anajisikia vizuri.

Mtoto mwenye kikohozi umhesabie pumzi akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa ya simu. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka mno. Miezi 2 hadi mwaka, 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, 40 au zaidi. Ukifika hapo mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, hawezi kunyonya, au midomo imekuwa ya bluu, usisubiri kuche. Kwa mtu mzima: kushindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, kifua kubana, kuchanganyikiwa. Usiseme "ni moshi tu utapita." Moshi unaweza kuchochea nimonia na matatizo ya moyo.

Kwa ndugu walioko Amerika Kaskazini

Nawaandikia kwa ufupi, maana vifaa mnavyo. Tarehe 7 Juni 2023 anga la New York liligeuka rangi ya chungwa mchana kweupe, na moto ulikuwa Quebec, Canada, mamia ya kilomita kaskazini. Mwisho wa mwezi huo Montreal na Toronto nazo zikafunikwa. Kwenu ramani ya moto na moshi ya AirNow, tovuti ya serikali ya Marekani ya hali ya hewa tunayovuta, ina vipima hewa mpaka mitaani. Weka kichujio cha daraja la MERV 13 kwenye mfumo wa joto na baridi kama unakubali, funga tundu linaloleta hewa ya nje, na garini bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Asiye na mfumo huo anaweza kufunga vichujio vinne vya MERV 13 kuwa boksi, chini kadibodi, juu feni ya mraba inayopuliza nje. Walioueneza muundo huo mwaka 2020 ni Richard Corsi na Jim Rosenthal, nao unafanya kazi kwa fedha kidogo kuliko mashine ya dukani. Tumia feni iliyotengenezwa 2012 au baadaye, kwa usalama wa umeme. Na mkisikia harufu ya plastiki iliyoungua badala ya kuni, inaweza kuwa moshi huo huo, umezeeka tu angani.

Mvua ya kwanza

Msimu hauishi siku milima inaporudi. Kwa miezi mitatu bati limekusanya masizi, na mvua ya kwanza huyasomba yote. Kama unakinga maji, toa mfereji wako kwenye tangi kabla mawingu hayajakusanyika, acha mvua ya kwanza ipite, na kama ilikuwa manyunyu tu, acha na ya pili. Mwaka jana nilichelewa. Maji yalitoka kama ya kuoshea sufuria ya ugali ulioungua, ikabidi nimwage ndoo kwa ndoo kwenye migomba huku bibi ananitazama kutoka ng'ambo ya uzio, amekaa kwenye kigoda, tangi lake limefunikwa.